Samaki wa Dhahabu Anapotaga: Dalili Zake na Malezi ya Vifaranga



Hapa kwetu Shimoni mtoto huyajua majina ya samaki kabla hajajua kusoma. Changu, tafi, pono, kolekole na nguru huwatambua kwa kuwatupia jicho tu, wakiwa kapuni au juu ya meza ya muuzaji. Lakini samaki anayekaa nyumbani, ndani ya tangi la kioo, huyo bado ni mgeni kwa wengi wetu. Mgeni huyo aghalabu ni samaki wa dhahabu. Hununuliwa mjini kwa ajili ya watoto, akawekwa pembeni mwa sebule, akalishwa asubuhi na jioni, na nyumba ikamzoea.

Kisha alfajiri moja wenye nyumba huona jambo. Samaki mmoja anamfukuza mwenziwe huku na huku, anamsukuma kwa kichwa, maji yanaruka mpaka sakafuni. Au huona vipele vyeupe vimemtoka mashavuni. Au mmoja amefura tumbo upande mmoja. Wengi hudhani ni ugomvi au maradhi. Dawa hununuliwa ikatiwa ndani ya maji, na samaki mzima akadhurika kwa tiba asiyoihitaji. Ilhali kilichokuwa kikitendeka ni kwamba samaki hao walikuwa wakijiandaa kutaga, na mayai yao huliwa na wazazi wenyewe kabla mtu hajajua kuwa yalikuwapo.

Juma hili tumeona tulieleze jambo hili kwa utaratibu: jinsi ya kuzitambua dalili, jinsi ya kuyahifadhi mayai, na jinsi ya kuwalea vifaranga. Tutaeleza pia swali ambalo kwa watu wa pwani yetu linatangulia mengine yote, nalo ni maji. Vifaranga wanahitaji maji matamu kila siku, na sisi tunajua thamani ya mtungi mmoja.

Samaki huyu ni nani

Asili yake ni Uchina. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, watu wa huko waliokuwa wakifuga samaki wa mtoni wa rangi ya kijivu na kijani waliona baadhi yao wakitoka na rangi ya manjano na nyekundu. Wakawatenga, wakawazalisha wao kwa wao, na kizazi baada ya kizazi rangi ile ikatulia. Kutoka Uchina walifika Japani, na katika karne ya 17 wakafika Ulaya. Leo wapo wenye mkia mmoja na mwili mrefu, na wapo wenye mkia uliogawanyika na mwili wa mviringo kama yai, lakini wote ni jamii moja na huzaana.

Yafaa tukumbuke kwamba samaki huyu si pambo la mwezi mmoja. Akitunzwa vyema huishi miaka kumi na zaidi, na anaweza kupita urefu wa sentimita 20. Nchini Uingereza yupo mmoja, kwa jina Tish, aliyetolewa zawadi kwenye tamasha mwaka 1956 akafa mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 43. Mwenye kumnunulia mwanawe samaki wa dhahabu huenda anaingiza nyumbani kiumbe atakayeishi mpaka mtoto huyo awe mzazi.

Wala kufuga samaki ndani ya nyumba si jambo geni katika ustaarabu wetu. Katika majumba ya kale ya mawe kule Lamu, birika la kuogea lilitiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Mafundi wa zamani walijengea bakuli la kauri chini kabisa ya birika, ili maji yakipunguzwa kwa kusafishwa samaki wabakiwe na mahali pa kukaa. Mtu aliyefikiri kumjengea samaki bakuli alikuwa amekwisha kuelewa kwamba kiumbe ukishamtia nyumbani mwako, uhai wake uko mikononi mwako.

Na dini yetu imelisema hilo wazi. Katika mapokezi sahihi tunasoma habari za mtoto Abu Umayr aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akimuuliza hali ya ndege wake kwa upole. Tunasoma vilevile habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Kufuga kumeruhusiwa, na masharti ya kufuga yameelezwa.

Dume na jike

Samaki wa dhahabu wachanga hawatambulikani dume wala jike. Huanza kupevuka wafikapo umri wa mwaka mmoja hivi, na mwaka wa pili ndio bora zaidi kwa kutaga. Hapo zipo alama tatu za kuziangalia, na ni vizuri kuziangalia zote pamoja kwani moja peke yake yaweza kudanganya.

Ya kwanza ni umbo. Ukimtazama kwa juu, jike huonekana mnene katikati, na wakati wa mayai tumbo lake huweza kuzidi upande mmoja. Dume huwa mwembamba na sawa pande zote mbili. Ya pili ni mapezi ya kifuani: ya dume huwa marefu kidogo, yenye ncha, na mfupa wa mbele wa pezi ni mnene; ya jike ni mafupi na ya mviringo. Ya tatu ni tundu lililo nyuma ya tumbo: kwa jike hujitokeza nje, na kwa dume huwa limebonyea ndani au liko sawa na mwili.

Alama ya dume iliyo dhahiri kuliko zote huja wakati wa kuzaliana. Ni vipele vidogo vyeupe, vigumu, vinavyotoka juu ya vifuniko vya mashavu na kwenye mfupa wa mbele wa mapezi ya kifuani. Humtoka ili aweze kumsukuma jike bila ya kuteleza. Msimu ukipita hupungua au hutoweka.

Mambo matatu yanayochanganywa

Hapa ndipo penye makosa mengi, basi na tuyatenganishe.

Vipele vya dume na ugonjwa wa vidoa vyeupe. Ugonjwa huo huletwa na kijidudu kinachoingia chini ya ngozi ya samaki. Vidoa vyake ni kama chembe za chumvi zilizomwagwa ovyo: mwilini, mkiani, kwenye mapezi yote, juu ya dume na jike pia. Samaki aliyeugua hujikwaruza kwenye mawe, hukunja mapezi, hukataa chakula, na siku chache baadaye wenziwe nao huambukizwa. Vipele vya dume havina tabia hiyo. Vimepangika mashavuni na kwenye mapezi ya mbele tu, na mwenye navyo ni mchangamfu kuliko siku zote. Ukiviona hivyo, weka dawa kando.

Kufukuzana kwa kutaga na kufukuzana kwa ugomvi. Dume anayetaka kuzaliana hufuata nyuma ya jike, pua yake ikigusa tumbo au tundu la jike, na humsukuma kuelekea kwenye majani au pembeni mwa tangi. Madume mawili au matatu huweza kumfuata jike mmoja. Ugomvi ni tofauti: samaki mmoja humzuilia mwenziwe chakula au humfukuza kutoka sehemu yake, kisha humwacha. Kadhalika samaki mgonjwa au dhaifu huandamwa na wenziwe, basi mchunguze anayefukuzwa. Akiwa ni jike mnene anayekula vizuri, huenda ni mayai. Akiwa amekonda na amejibanza pembeni, tafuta ugonjwa.

Tumbo la mayai na tumbo la maradhi. Jike mwenye mayai huogelea na kula kama kawaida, na magamba yake yamelala. Samaki aliyejaa maji mwilini kwa maradhi hufura mwili mzima, magamba yakasimama kama maganda ya nanasi, macho yakatoka nje, naye akatulia chini au akaelea juu. Huyo ni mgonjwa mahututi na yafaa atengwe mara moja.

Wakati wa kutaga

Katika nchi za baridi samaki hawa hutaga majira ya baridi yakiisha na maji yanapoanza kupata joto. Pwani yetu haina baridi ya namna hiyo, lakini tofauti ya misimu ipo. Miezi ya kusi maji ya tangi hupoa kidogo, na kusi likilegea joto hurudi taratibu. Mpito huo, pamoja na chakula kizuri na kubadilishiwa maji, ndio unaowaamsha. Mwenye tangi na awe macho zaidi wakati huo.

Kutaga kwenyewe huwa alfajiri na asubuhi, kukaendelea kwa saa kadhaa. Jike hupita katikati ya majani akitetemeka, akatoa mayai machache kila apitapo, na dume aliye ubavuni mwake akayamwagia mbegu ndani ya maji. Mayai hunata papo hapo kwenye majani, mawe au kioo. Kila yai ni dogo mno, kama milimita moja hivi, nalo ni la kung’aa kama tone la asali. Jike mmoja aliyekomaa hutoa mamia ya mayai kwa mara moja, na mkubwa hufikisha maelfu.

Mwangalie jike katika saa hizo. Madume yakiwa mengi na tangi likiwa dogo, humwandama mpaka akachubuka magamba na kuishiwa nguvu. Ukimwona amelala ubavu, anahema kwa nguvu, au anajificha bila ya kuachwa, mtoe umweke peke yake katika maji yale yale ya tangi, apumzike siku mbili tatu. Watoto wafundishwe kutazama kwa mbali, bila ya kugonga kioo.

Wakimaliza kutaga, wazazi huanza kula mayai. Samaki huyu hana desturi ya kulea wala hajui kuwa lile ni yai lake. Kwake yeye ni chakula. Kwa hiyo anayetaka vifaranga ana muda mfupi wa kutenda.

Kwanza hesabu ya maji

Kabla hujanyosha mkono kuchukua mayai, kaa uhesabu. Tukisema hivi tunawakusudia hasa wasomaji wetu wa Shimoni, Wasini na Mkwiro. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, visima vingi hutoa maji ya chumvichumvi, na ndugu zetu wa kisiwani kwa miaka mingi wametegemea mvua iliyohifadhiwa katika jabia na maji yaliyovushwa kwa mashua. Samaki wa dhahabu ni wa maji matamu. Maji ya kisima cha chumvi hayamfai, na vifaranga huyastahimili kwa shida kuliko wazazi.

Chukua mfano wa beseni kubwa la lita 40. Vifaranga wakishaanza kula, maji yake yafaa kupunguzwa na kuongezwa mapya kiasi cha lita 10 kwa siku. Hiyo ni nusu ya mtungi wa lita 20 kila siku, yaani mitungi 15 kwa mwezi, mbali na maji ya tangi la wazazi. Nyumba inayonunua maji kwa mtungi itazame hesabu hiyo pamoja na maji ya kupikia, kufulia na kutawadhia. Kuyamwaga maji ya watoto wa nyumba kwa ajili ya watoto wa samaki hakutupasi.

Lakini hesabu hiyo hupunguka kwa njia mbili. Ya kwanza, maji yanayotolewa ndani ya beseni hayatupwi. Yana mbolea, na mchicha, mpilipili au mwasmini uliopandwa ndooni hustawi kwayo. Maji ambayo ungemwagilia mimea ndiyo kwanza yapitie kwa samaki. Ya pili, usichukue mayai yote. Chukua fungu moja lenye mayai hamsini au mia, mengine waachie wazazi. Hili ni bora mara nyingi kuliko kuangua vifaranga mia tano kisha kuwatazama wakifa kwa msongamano. Na ikiwa maji hayatoshi kabisa, acha tangi lijiendeshe lenyewe wala usione vibaya.

Kuhusu aina ya maji: maji ya mfereji yaliyotiwa klorini yaachwe wazi ndani ya ndoo kwa siku moja kamili kabla ya kutumika. Maji ya mvua ni masafi lakini hayana madini, na uchachu wake hubadilika upesi. Maganda machache ya chaza kutoka jikoni, yakioshwa na kuchemshwa, huwekwa ndani ya tangi yakasaidia kuyaweka sawa. Maji mapya yawe na joto sawa na yale yaliyomo.

Kuyahifadhi mayai

Njia nyepesi ni kuandaa mahali pa kutagia mapema, dalili zinapoanza. Funga shada la nyuzi za sufu, au chukua makumbi ya nazi uyaloweke na kuyachemsha mara kadhaa mpaka maji yake yasitoe rangi tena. Yaning’inize ndani ya tangi mahali jike anapopenda kupita. Mayai yatanata humo, na wakimaliza kutaga utalihamisha shada lote bila ya kuyagusa mayai.

Lihamishie ndani ya beseni safi lenye maji ya kina cha sentimita 10 hadi 15, nusu yakiwa ni maji ya tangi la wazazi. Kama ipo pampu ya hewa, itoe mapovu machache tu. Kama haipo, beseni pana lenye maji ya kina kifupi hupata hewa ya kutosha kwa mayai machache. Liweke kivulini, mbali na moshi wa jiko na dawa ya mbu, na ulifunike kwa wavu au kitambaa chepesi. Nyumba zetu zina paka, na paka hahitaji kufundishwa kilichomo beseni.

Siku ya pili mayai yatajitenga yenyewe. Yaliyorutubishwa hubaki angavu, na ukiyatazama kwenye mwanga utaona doa jeusi, nalo ni macho ya kifaranga. Yasiyorutubishwa hugeuka meupe kama maziwa na kuota ukungu unaoenea kwa jirani zake. Yaondoe hayo kwa kijiti au bomba dogo la kunyonyea, kwa upole.

Katika joto la pwani yetu mayai huanguliwa baada ya siku mbili hadi nne. Mahali penye ubaridi huchukua muda wa juma zima.

Siku za mwanzo za vifaranga

Kifaranga anapotoka ni kama uzi wenye macho mawili. Kwa siku mbili hivi hujibandika kwenye kuta za beseni au kwenye makumbi akakaa kimya. Wengi hudhani anakufa, wakaanza kumtilia chakula. Usimlishe bado. Tumboni ana kifuko cha kiini cha yai ambacho ndicho riziki yake ya siku hizo, na mdomo wake haujawa tayari. Chakula ukitiacho kitaoza na kuyaharibu maji.

Siku atakapoachia ukuta na kuogelea sawasawa, ndipo kazi inapoanza. Chakula kilicho bora kwake ni vijidudu vidogo mno vya majini, navyo huandaliwa nyumbani. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, itie maji ya tangi, weka kipande cha ganda la ndizi au jani la mchicha lililokauka, uiache mahali penye mwanga kwa siku tatu hadi tano. Maji yatachafuka kwanza, kisha yataanza kuwa maangavu. Hapo yamejaa vijidudu. Vijiko vichache kwa siku vyatosha. Ianze chupa hii siku ile ile mayai yanapotagwa, ili iwe tayari kwa wakati.

Chakula cha pili ni kiini cha yai la kuku lililochemshwa likakauka. Chukua kipande mfano wa punje ya mchele, kifunge katika kitambaa cha leso kuukuu, ukitikise ndani ya kikombe cha maji mpaka maji yawe kama maziwa mepesi, kisha utie matone machache ndani ya beseni. Uzuri wa kiini ni kwamba kipo kila jikoni. Ubaya wake ni kwamba huoza upesi, basi baada ya saa moja nyonya kilichobaki chini kwa mpira mwembamba, mdomo wa mpira ukiwa umefungwa kitambaa ili usiwavute vifaranga.

Walishwe kidogo kidogo, mara tatu hadi tano kwa siku. Kifaranga aliyeshiba huonekana, kwani tumbo lake huwa na rangi ya chakula alichokula. Mtoto wa miaka minane au tisa aweza kukabidhiwa kazi hii, akapewa ratiba yake: baada ya sala ya alfajiri, kabla ya kwenda shule, akirudi, na baada ya alasiri kabla ya chuo. Kwa namna hiyo atajifunza maana ya kutegemewa na kiumbe asiyeweza kudai haki yake.

Baada ya juma la pili wataanza kula chakula cha samaki kilichosagwa kikawa unga, na wakizidi kukua wataweza kula viluwiluwi vya mbu. Hapo yule samaki wa birika la Lamu anarudi kazini.

Kukua na kubadilika rangi

Msishangae wala msidhani mmedanganywa: vifaranga wa samaki wa dhahabu hawana dhahabu. Huwa na rangi ya shaba iliyofifia au kijani cha matope, kama babu zao wa mtoni. Rangi huanza kugeuka wafikapo miezi miwili au mitatu, mara nyingi tumbo likianza. Wengine huchelewa mpaka mwaka, na wachache hawabadiliki kamwe. Huyo asiyebadilika si mgonjwa, naye ana haki ya chakula sawa na wenziwe.

Katika miezi hiyo yafanywe mambo mawili. La kwanza ni kuwatenga kwa ukubwa, kwani wakubwa huwanyang’anya wadogo chakula na huweza kuwameza. La pili ni kuwapanulia nafasi. Beseni lililotosha vifaranga hamsini wa juma moja halitoshi hamsini wa miezi miwili. Samaki mzima yafaa apate lita 40 au zaidi peke yake, na lile bakuli la mviringo tunaloliona madukani halimfai hata mmoja. Vifaranga wasirudishwe kwa wazazi mpaka wawe wakubwa wasioweza kuingia mdomoni mwao.

Wakizidi mahitaji

Nyumba iliyolea vizuri itajikuta na samaki kumi, ishirini au zaidi. Njia njema ni kuwagawia jamaa na majirani, kila mmoja akipewa pamoja na maelezo ya kumtunza. Kuwauza pia ni halali, na akina mama wapatao maji ya uhakika wanaweza kujipatia kipato kidogo. Ila tahadhari: usipokee fedha za vifaranga ambao bado wamo tumboni mwa jike au ndani ya mayai. Sheria yetu imekataza kuuza kilichomo tumboni kabla hakijazaliwa, kwa sababu ya kutojulikana kwake. Ngoja mpaka mnunuzi aweze kuwaona wakiogelea na kuwahesabu. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake.

Jambo moja tunalisisitiza kwa nguvu: samaki hawa wasitupwe mtoni, kwenye bwawa wala katika jabia ya watu. Huenda mtu akadhani anawaachia huru kwa huruma. Huko Australia Magharibi, katika Mto Vasse, samaki wa dhahabu waliotupwa na watu walizaana, wakakua hadi kukaribia kilo mbili, wakachimbua mimea na kuchafua maji ya samaki wenyeji. Mto Ramisi unatutosha kwa samaki wake. Tena mtu hana ruhusa ya kutia kitu katika maji ya mwenziwe.

Bahari iliyo mlangoni petu

Watoto wakishamwona samaki wa nyumbani akitaga, huuliza juu ya wale wa baharini, na majibu yako karibu. Katika miamba ya Kisite na Mpunguti, ng’ambo ya Wasini, yupo samaki mdogo mwenye milia myeupe anayeishi kati ya minyiri ya kiumbe kiwashacho. Huyo hutaga mayai yake juu ya jiwe, na dume huyalinda, akayapepea kwa mapezi na kuyasafisha kwa mdomo muda wa juma moja hivi, mpaka yaanguliwe usiku. Tafi nao hukusanyika makundi makubwa kutaga kwenye miamba ya upande wa Msambweni, wakifuata mwandamo wa mwezi, na wavuvi wetu walilijua hilo kabla ya watafiti kuja na vyombo vyao.

Huenda mtoto akatamani kuwaleta nyumbani samaki wa miambani kwa uzuri wa rangi zao. Na aelezwe kwamba ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuchukua chochote, na nje yake wanaokamata samaki wa mapambo hufanya hivyo kwa leseni. Na aelezwe pia kwamba samaki wa bahari ni vigumu mno kuishi ndani ya tangi la nyumbani. Wa dhahabu amezoea kufugwa kwa karne nyingi. Wa mwambani makao yake ni mwambani.

Basi mwenye tangi na alitazame alfajiri kwa jicho jipya. Akiona vipele mashavuni mwa dume, tumbo la jike limezidi upande, na mbio zisizo na ugomvi, asikimbilie dawa. Ajiulize kwanza ana maji kiasi gani, ana nafasi kiasi gani, na nani nyumbani atakayebeba kazi ya kulisha mara nne kwa siku. Akishajua hilo, ndipo aandae makumbi yake.

Wabillahi tawfiq.